Ngoma Katika Uwanja Mtupu

Kufikia Jumanne asubuhi, wanaume sita walikuwa wamekiri kosa moja, na Feza hakumwamini hata mmoja wao.

Walijipanga kwenye benchi la kituo cha polisi cha Kampemba, mjini Lubumbashi, mabega yakigusana, wamevaa jezi za njano za klabu ya Radi, wametulia kama watu wanaosubiri kubatizwa. Mmoja alikuja na mkewe ili amshuhudie. Nje kulikuwa na ile mvua ya Januari ambayo haianguki, inaning'inia tu hewani. Pikipiki zilitokea ndani yake na kupotea tena, kana kwamba mji mzima ulikuwa bado haujaamka vizuri.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Jumapili, Radi walicheza na timu ya Tunis katika kombe la klabu za Afrika, bila watazamaji. Shirikisho liliamuru hivyo kwa sababu ya fataki za mechi iliyotangulia. Milango ilifungwa. Ndani walibaki wachezaji, waamuzi, polisi wachache, watu wa televisheni na wafanyakazi wenye vitambulisho shingoni. Mashabiki walisimama nje ya ukuta, umati usio na mwisho, wakiusikiliza mpira ukigongwa mbali, pu, pu, kama moyo wa mtu aliyelala chumba cha pili.

Kisha, kipindi cha pili, ngoma ikalia ndani. Ngoma kubwa ya mashabiki, kutoka jukwaa la mashariki, ambako hapakuwa na mtu.

Nje watu walinyamaza. Wengine walivua kofia. Waliujua mkono ule, wa kushoto ukichelewa kidogo nyuma ya wa kulia. Ulikuwa mkono wa Alphonse, mpiga ngoma wa Radi, na Alphonse walikuwa wamemzika tangu Oktoba.

Radi wakafunga bao la pekee. Watu wa Tunis wakaandika malalamiko: kuna shabiki aliingia. Ikithibitika, Radi watanyang'anywa mechi na kutolewa. Na kama mtu aliingia, basi kuna aliyemfungulia. Funguo zote zilining'inia kwenye mkanda wa bawabu, mzee Paulin. Sasa Paulin alikuwa mahabusu tangu Jumapili jioni, na mchana wa siku hii gari lingempeleka kwa mwendesha mashtaka, na kutoka huko gerezani.

"Mama Feza," alisema komanda wake, Sylvain, akichungulia benchi. "Uko na bantu sita banakubali. Chagua moja, tumalize."

"Shefu, hii si soko ya tomati."

"Saa nane gari inakuya."

"Ikuye."

Akamwita wa kwanza. Alikuwa Chishimba, rais wa mashabiki, mtu wa tumbo kubwa na sauti kubwa zaidi. Kwa kuwa Feza alikuwa OPJ, yaani afisa wa upelelezi, Chishimba alimsalimia kwa cheo na kwa heshima ya nyumbani, vyote pamoja.

"Mama OPJ, ni miye njo nilipiga ile ngoma."

"Uliingia wapi?"

"Niliruka ukuta."

Feza alilitazama tumbo. "Na hiyo mizigo?"

"Ile siku nilikuwa mwepesi, mama. Sijue namna gani. Nilikuwa sawa ndege."

"Ngoma ulikuta wapi?"

"Mu store yake, chini ya jukwaa. Nikaibeba, nikapanda, nikapiga."

"Paka vile, vile tu? Ukafika, ukapiga?"

"Paka vile."

"Uko unajua utalala gerezani?"

"Najua." Chishimba aliinama mbele, macho yakang'aa. "Lakini mama, uelewe. Lubumbashi mzima ilibakia inje. Muntu moja tu aliona ile match. Moja! Siku nitakufa, batasema: ni Chishimba."

"Na Radi ikitolewa kwa sababu yako?"

Chishimba aliegemea nyuma taratibu. Hilo hakuwa amelifikiria. Feza alimwacha alifikirie kidogo.

"Ile ngoma," alisema, "tangu Alphonse afariki, nani alikuwa anaipiga?"

"Hakuna. Ni bulozi kuipiga. Desturi yetu iko vile: mupiga ngoma akikufa, ngoma inafunikwa. Kilio ikimalizika, match ya kwanza ya nyumbani, muntu wa nyumba yake anaipiga mara moja. Nyuma ya ile, tunachagua mwingine. Bila vile ngoma inabakia yatima."

"Na kilio ilimalizika lini?"

"Samedi. Kesho yake, dimanche, njo ilikuwa match." Chishimba alishusha pumzi. "Tena hana mutoto mwanaume, Alphonse. Hana kaka. Basi tukasema, ni Mungu mwenyewe amefunga mulango."

"Enda kwako, rais. Na uambie benzako: mwenye kukubali tena, nitamupeleka kweli."

Benchi likawa tupu kabla Chishimba hajamaliza kusimama.

Paulin alikuwa ameketi sakafuni mahabusu, mgongo ukutani, na sahani ya bukari, ugali wa huko, mapajani, kitambaa safi cha maua kilichoifunika kikiwa pembeni. Alikuwa akila taratibu. Alikuwa mwembamba, mwenye mvi, na alimtazama Feza bila chuki.

"Mama, nimesema. Hakuna muntu aliingia. Mulango niliifunga, nikaweka kiti, nikakalia."

"Na store ya ngoma?"

"Ile nilifungua asubuhi, sawa kila siku ya match. Ni store ya bintu byote. Bendera, mifagio, masufuria."

"Nani aliingia mule?"

"Hakuna muntu. Paka bamama ba jikoni, kukamata byombo byabo."

"Nani mwingine?"

"Hakuna, mama. Nitakudanganya juu ya nini?" Akapunguza sauti. "Miye naona ni yeye. Alphonse. Hakukosaka match ya nyumbani hata moja. Sasa kifo njo itamukataza?"

"Kifo hakina funguo, baba."

"Njo ile nasema. Hakuomba funguo."

Feza alitoka. Alikuwa amelisikia jibu alilolihitaji na akaliruka, kama mtu anavyoruka dimbwi bila kulitazama.

* * *

Uwanja wa Radi, ukiwa mtupu, ulikuwa mkubwa kuliko ukiwa umejaa. Viti vya njano vilipanda safu juu ya safu hadi kwenye ukungu na kuyeyuka humo. Maji yalidondoka mahali fulani, na kila tone lilirudi mara mbili. Feza alikohoa, na upande wa pili mtu akakohoa. Alikuwa yeye mwenyewe.

Polisi Alexis, kijana mrefu aliyekuwa zamu Jumapili, alitembea nyuma yake akinyata, ingawa hapakuwa na wa kumwamsha.

"Ilikuwa sawa kuota, mama," alisema. "Unaona bachezaji banafungua midomo, unasikia kila neno. Kipa anatukana bibi ya arbitre, ule mwamuzi. Golini mpaka golini, unasikia viatu. Halafu ngoma. Tulikimbia, tukapanda. Hakuna muntu. Paka ngoma imesimama pekee yake."

"Kamera?"

"Bote balikuwa banafuata mupira."

Ngoma ilikuwa palepale, chini ya paa la jukwaa la mashariki, utepe wa polisi umeizunguka. Ilimfika Feza kiunoni. Kitenge kilichoifunika kilikuwa kimekunjwa vizuri pembeni, kona juu ya kona. Feza alikitazama kitenge kile kwa muda. Kisha akaweka kiganja juu ya ngozi, akapiga.

Bufu.

Sauti ya mtu kupiga godoro. Haikufika hata safu ya pili.

"Imekufa," alisema Alexis.

"Imelowa. Mvua ilianza lini?"

"Tangu vendredi, siku mbili kabla ya match, haijakatika."

"Basi dimanche nayo ilikuwa hivi hivi. Ingelia 'bufu', na inje wasingesikia kitu." Feza alipiga tena, akasikiliza godoro. "Chishimba anasema alifika, akapiga. Bote sita banasema vile. Banadanganya bote. Ngoma ya ngozi haipigwi siku ya mvua bila kuikausha. Hata pa harusi ya shangazi yangu walianza na moto."

"Jua haikuwa."

"Haikuwa. Basi moto." Alipiga magoti na kutazama sakafu. Watu wengine huwasha magazeti au majani makavu. Lakini saruji ilikuwa safi, hapana jivu, hapana alama. Akaizungusha ngoma ndani ya utepe, polepole. Upande wa ukuta, kwenye ukingo wa mti chini kidogo ya ngozi, palikuwa na upinde mweusi. Aliugusa. Kidole kikatoka na masizi. Akainama akanusa ngozi: harufu ya makaa ya jiko.

"Makala," alisema. "Si karatasi, si kuni. Makala ya mbabula. Hapa ndani, nani alikuwa na makala?"

"Usiniambie makala, mama, nitalia." Alexis alijishika tumbo. "Ile siku chakula ya mapumziko ilifika kipindi ya pili! Na bukari ilikuwa mbichi katikati, kabisa. Arbitre wa akiba alirudisha sahani. Tena mama Germaine anapikaka muzuri. Sijue moto ilikuwa na mambo gani."

Feza alibaki amepiga magoti.

"Germaine gani?"

"Mupishi. Bibi ya..." Alexis akasimama katikati ya neno. Maji yalidondoka, yakarudi. "Bibi ya Alphonse, ule mujane," alimaliza kwa sauti ndogo.

Feza alisimama, akajipangusa magoti. Tangu Jumapili alikuwa amehoji polisi, watu wa kamera, waokota mipira, madaktari wa timu na mashabiki. Aliwapitia wote kichwani, uso kwa uso. Wote walikuwa na ndevu, au walikuwa wakizitarajia.

"Beba ngoma," alisema.

* * *

Jiko lilikuwa chini ya jukwaa hilohilo. Ngazi nyembamba ya ndani iliunganisha mlango wake na viti vya juu. Moshi ulitanda humo kama maziwa ndani ya chai, na katikati yake mwanamke mfupi, mpana wa mabega, alikuwa akipuliza mbabula. Wachezaji walikuwa na mazoezi mchana, na wachezaji hula. Alivaa kitenge kipya cha buluu, na nywele zake zilikuwa ndiyo kwanza zinaota upya. Kitambulisho cha wafanyakazi wa jikoni kilining'inia shingoni mwake.

Aliona ngoma mikononi mwa Alexis, akaacha kupuliza.

"Ulichelewa, mama OPJ. Nilizani utakuya dimanche yenyewe."

"Habari ya kazi, mama Germaine. Pole kwa kilio."

"Aksanti."

"Jumapili bukari ilikuwa mbichi."

"Nilisikia haya."

"Mbabula ilikuwa na kazi ingine."

Germaine alivuta kigoda kwa mguu, akamsukumia Feza. Yeye alibaki amesimama.

"Nilikausha ngoma wakati maji ilipaswa kuchemuka," alisema. "Siwezi kufanya byote mbili. Iko mbabula moja."

"Ulipanda nayo namna gani?"

"Na kichwa. Gunia ya unga ni nzito kupita ile."

"Na kushuka?"

"Na ile ngazi. Nilikutana na bapolisi banapanda mbio. Huyu hapa njo aliniambia: 'Mama, pisha, pisha!' Nikapisha."

Alexis aliangalia viatu vyake.

"Mama Germaine," alisema Feza, "Paulin iko ndani tangu Jumapili. Leo banamupeleka. Juu ya nini haukukuya kusema?"

"Nilikuya." Mwanamke alisema bila hasira, kama anayetaja hali ya hewa. "Lundi asubuhi, jana. Nilikuwa na sahani ya Paulin mukononi, kwa sababu bibi yake iko Likasi. Pa benchi kulikuwa banaume bengi. Nikasema, nataka kusema mambo ya ngoma. Balicheka. Polisi wa mulango akaniambia: 'Mama, chakula ya bafungwa ni mulango wa nyuma.' Nikaenda ya nyuma. Leo asubuhi tena, nyuma."

Feza alikumbuka kitambaa cha maua. Alikalia kile kigoda.

"Sema sasa."

"Kusema nini? Alphonse alikuya mu ndoto, samedi, nyuma ya kumaliza kilio. Hakusema kitu. Alinionyesha tu mikono, namna hii, imekufa baridi. Nikaamuka, nikasema, desturi inaomba muntu wa nyumba yake. Nyumba yake ni nani? Batoto banamuke na miye. Na miaka yote ile, nani alikuwa anashikilia ngoma pa moto, anageuza, anageuza, yeye anasikiliza? Nilijua kila kitu ya ile ngoma. Nilikosa tu kuipiga."

"Polisi hawatakubali maneno tupu. Banaume sita balinipa maneno. Piga."

"Hapa?"

"Hapa."

Germaine aliondoa sufuria motoni. Akainamisha ngoma juu ya makaa, ngozi ikitazama joto kutoka mbali, upande, kama mama anavyompasha mtoto mgongo. Akageuza. Akagonga kwa kidole, akasikiliza. Akageuza tena. Sauti ilipanda taratibu kutoka kwenye godoro, ikawa mti, ikawa mtu. Alexis alikuwa ameegemea mlango bila kupumua.

Kisha akaisimamisha katikati ya jikoni, akafumba macho, akapiga.

Sufuria zilitetemeka ukutani. Mkono wa kulia ulitangulia, wa kushoto ukachelewa kidogo, ukaufuata kama mtu mwenye kiatu kinachobana. Sauti ilipanda ngazi, ikaingia uwanjani, ikazunguka viti vyote vitupu na kurudi ikiwa kubwa zaidi. Moshi ulicheza. Na kutoka mbali, nje ya ukuta, ambako Chishimba na wenzake walikuwa wamekuja kusubiri habari, makofi yakajibu: matatu, kimya, mawili. Jibu la Radi, lilelile la miaka yote.

Germaine alisimamisha mikono. Makofi nayo yakakoma.

"Basi," alisema Feza. Alitoa kalamu. "Sasa unijibu mafupi. Asubuhi ya mechi uliingia wapi?"

"Mulango mukubwa, na kitambulisho. Mbele bafunge, ikiwa bado wazi."

"Paulin alikufungulia kwa siri?"

"Siri gani? Aliniambia 'Jambo', nikamwambia 'Jambo'."

"Bao la Radi alifunga nani?"

Germaine alinyanyua mabega. "Sijue."

"Ulikuwa juu ya jukwaa lote peke yako, na haukuona bao?"

"Nilifunga macho, sawa sasa. Kelele ya mupira nilisikia. Nikisema nifungue..." Alishika ukingo wa ngoma. "Ningefungua, ningeona Alphonse haiko."

Feza aliacha kuandika, kisha akaandika haraka. Amri ya shirikisho alikuwa nayo mfukoni, ameisoma hadi mikunjo yake imechoka. Ilikataza watazamaji. Haikutaja ngoma. Mbele yake alikuwa mfanyakazi mwenye kitambulisho, aliyeingia mapema kwa mlango halali, ambaye hakuitazama mechi hata kidogo. Mtu wa sheria angeweza kuligeuza hilo kama bukari, lisingepasuka.

"Mwishoni nitaandika idadi ya watazamaji," alisema. "Nitaweka sifuri."

Germaine aligeuka ghafla. "Hapana. Andika moja."

"Mama Germaine."

"Alphonse hakukosaka match ya nyumbani. Hata na malaria alikuya. Uandike zero, itasemeka alikosa ile moja. Miye nilimupeleka. Andika moja."

"Nikiandika moja, Paulin anaenda gerezani kwa kuingiza mtu. Na Radi inatoka."

Mwanamke alirudisha sufuria motoni. Alimimina unga, akashika mwiko, akaanza kusonga. Alisonga kwa muda mrefu, bega zima likifanya kazi, mpaka maji na unga vikawa kitu kimoja na mwiko ukawa mzito.

"Andika zero," alisema bila kugeuka. "Yeye anajua alikuwa pale."

Feza aliandika, akamsomea, Germaine akatia sahihi kwa mkono wenye unga. Kisha Feza akampigia komanda simu.

"Mufungue Paulin, shefu. Niko na mupiga ngoma."

"Bravo! Ni nani mwa bale sita?"

"Mupishi."

"Mupishi gani? Jina yake, ule bwana?"

"Shefu," alisema Feza. "Mufungue Paulin."

* * *

Mvua ilikuwa imekatika. Nje ya lango kubwa, jezi za njano zilimsubiri zimelowa, na Chishimba alikuwa mbele yao, uso wake umevimba kwa kukosa usingizi au kwa furaha.

"Mama OPJ! Tulisikia! Ni nani?"

"Hakuna mtazamaji aliyeingia. Radi haitolewi."

Kelele zilizopanda ziliwatimua njiwa kwenye paa. Walikumbatiana, walimkumbatia Alexis, mmoja alipiga magoti matopeni. Chishimba alimshika Feza mkono kwa viganja vyote viwili.

"Nilisema! Ni yeye! Ni Alphonse mwenyewe!"

"Nimesema hakuna mtazamaji. Sikusema hakuna muntu. Ni mama wa jikoni."

Chishimba alicheka. Aliwageukia wenzake ili wacheke naye, nao wakacheka, kwa upole, jinsi watu wanavyocheka na polisi aliyechoka. Feza hakucheka, wala hakueleza. Alisimama tu pale, mkoba begani, akisubiri.

Nyuma ya ukuta ngoma ikalia tena. Mara moja tu, ili kujaribu ngozi kabla haijapoa. Mkono wa kushoto ukachelewa kidogo. Kisha, juu ya sauti hiyohiyo, sauti ya mwanamke ikawaita wachezaji waje kula kabla bukari haijapoa.

Kicheko kilikatika. Chishimba alimtazama Feza, akatazama ukuta, akamtazama Feza tena. Polepole akavua kofia yake.

Alikuwa ameujua uwanja ule tangu utoto, kila kiti na kila ufa. Ikabidi amuulize polisi Alexis mlango wa jikoni uko upande gani.